Wasio na Majina: Walioingia Kwenye Ruta na Printa Bila Kubisha Hodi

Mwishoni mwa Novemba 2018 printa za maofisini, nchi mbalimbali, zilianza kutema karatasi ambazo hakuna mtu aliyeziagiza. Yaani katibu muhtasi kakaa zake, hajagusa kitu, mara mashine inaamka, inavuta karatasi, inatoa. Kusoma: mnaombwa mkamfuate PewDiePie kule YouTube kabla T-Series hawajampita. PewDiePie ni yule Msweden aliyejipatia umaarufu kwa kucheza gemu mbele ya kamera, na T-Series ni kampuni ya muziki na filamu ya India. Walikuwa kwenye vita ya nani ana wafuasi wengi. Wadau wa Bongo Fleva hamhitaji kuelezwa vita ya namna hiyo ikoje.

Aliyefanya alijiita TheHackerGiraffe. Mdukuzi Twiga, mnyama wetu wa taifa kabisa, japo hakuna aliyewahi kusema jamaa ni wa huku. Alieleza kwamba aliingia Shodan, mtandao wa kutafutia unaofanana na Google, ila wenyewe hautafuti kurasa, unatafuta mashine zilizounganishwa na intaneti. Akakuta printa zaidi ya 800,000 zilizo tayari kupokea kazi kutoka kwa mtu yeyote duniani. Akachagua 50,000 tu. Hakuvunja neno la siri lolote, maana hakukuwa na neno la siri la kuvunja.

Na hakuwa wa kwanza. Februari 2017 kulikuwa na mwingine, alijiita stackoverflowin, aliyefanya mchezo huohuo kwa printa zaidi ya 150,000. Yeye alichapisha picha ya roboti iliyochorwa kwa herufi, na ujumbe wa kuwaambia wenye mashine wafunge mlango.

Watu walicheka, wakakunja karatasi, wakatupa kapuni. Lakini karatasi ile ina historia ndefu nyuma yake, na karibu wote waliomo kwenye historia hiyo hawajulikani majina. Wengine waliingia kuiba, wengine kutamba, na wachache, huwezi kuamini, waliingia kutengeneza. Na mashine zenyewe haziko Ulaya na Marekani peke yake. Ziko mpaka Daudi.

Daudi, kule wilaya ya Mbulu mkoani Manyara, si mahali ambapo mtu akisikia neno mdukuzi anapafikiria. Lakini ingia steshenari yoyote ya Daudi, Dongobesh au Katesh uangalie kinachopita pale mezani kwa siku moja. Nakala za vitambulisho vya NIDA. Vyeti vya kuzaliwa. Fomu za mkopo wa elimu ya juu za watoto waliomaliza kidato cha sita. Mkataba wa mauziano ya shamba wenye muhuri wa mtendaji. Barua ya kuomba kazi. Vyote vinapita kwenye mashine moja ya fotokopi na kisanduku kimoja cha waifai, na mwenye duka hajawahi kuambiwa na mtu kwamba ndani ya vitu hivyo viwili mna kompyuta kamili.

Wazee wa Kiiraqw zamani walijenga nyumba zilizozama kwenye mteremko wa kilima, paa likakaribia kulingana na ardhi, ili wavamizi wa ng'ombe wapite bila kujua kwamba chini yao kuna watu na mifugo. Kufichika ndiyo ilikuwa kufuli. Leo kwenye vilima vilevile kuna kisanduku ukutani kinachopepesa taa usiku kucha, na kazi yake kubwa ni kujitangaza.

Hilo la kwamba ruta ni kompyuta, dunia yenyewe ilichelewa kulielewa. Mwaka 2003 watu wachache waliokuwa wanachokonoa ruta ya bluu na nyeusi ya Linksys, ile WRT54G, waligundua kwamba ndani yake inaendeshwa na Linux. Linux ni programu ya bure, lakini ina sharti: ukiitumia kwenye bidhaa unayouza, unatoa wazi na ulichokiongeza. Kampuni ilikuwa haijatoa. Wakaibana, ikatoa. Kufikia mwaka 2004 kulikuwa na mradi unaoitwa OpenWrt, ambapo mtu anaifuta programu ya ndani ya ruta yake na kuweka nyingine iliyotengenezwa na watu wa kujitolea.

Programu ya ndani ndiyo nini? Umewahi kupeleka simu kwa fundi akakwambia hii inataka kuflashiwa. Ndiyo hiyohiyo. Ni ile programu ya chini kabisa inayoiambia mashine wewe ni nani na kazi yako ni ipi. Ukiibadilisha, umebadilisha roho ya kifaa, na kwa nje hakuna kitakachoonekana. Taa zitawaka vilevile, bando litaisha vilevile. OpenWrt ilionyesha upande mzuri wa jambo hili, kwa sababu ruta ambayo kampuni imeshaisahau inaweza kupewa programu mpya na kuishi. Ila kama mwenye ruta anaweza kubadilisha roho yake, basi na asiye mwenyewe anaweza, akipata mlango.

Na mlango ulikuwa unaitwa admin.

Kiwanda kinatengeneza ruta milioni, zote zinatoka na jina admin na neno la siri admin, ili mteja asipate tabu siku ya kwanza. Mteja naye hapati tabu siku ya kwanza wala ya elfu moja, kwa sababu haingii tena humo ndani. Anabadilisha neno la waifai ili majirani wasimlie bando, basi, anadhani amefunga. Kumbe ni milango miwili. Neno la waifai ni la kuingia uani. Lile la admin ndilo la kuingia chumbani, na hilo kaliacha.

Mwaka 2012 mtu mmoja ambaye hajawahi kujulikana aliamua kuhesabu milango hiyo. Alitengeneza programu ndogo inayogonga vifaa vya dunia nzima kwa maneno ya siri ya kiwandani, admin kwa admin, root kwa root, au bila neno lolote. Vilivyofunguka na kufaa kwa kazi yake vikawa takriban 420,000. Akavitumia kama makarani wa sensa kuhesabu intaneti yote, halafu mwaka 2013 akayaweka matokeo hadharani bila jina lake. Aliandika kwamba alijitahidi asiharibu kitu, kwamba ukizima kifaa na kukiwasha programu yake inapotea, na kwamba humo ndani alimkuta mgeni mwingine, programu ya wahalifu iitwayo Aidra, akaweka vizuizi ili isiingie tena. Fikiria hilo. Nyumba imeingiliwa na wawili wasiojulikana, mmoja anamfungia mwenzake mlango, na mwenye nyumba kalala.

Wakati huo Brazil wenzao walikuwa wanalia. Mtafiti wa kampuni ya Kaspersky, Fabio Assolini, alieleza mwaka 2012 jinsi modemu milioni 4.5 za majumbani kule zilivyoingiliwa kwa tundu moja. Wahalifu hawakugusa kompyuta za watu. Walibadilisha kitu kidogo ndani ya modemu, ile sehemu inayouliza tovuti fulani iko wapi. Ni kama mtu anayebadilisha vibao vya barabarani usiku. Unaandika jina la benki yako sawasawa kabisa, hujakosea hata herufi, lakini modemu inakupeleka kwenye benki feki iliyopakwa rangi ileile. Mmoja wa wahalifu hao alinaswa kwenye mazungumzo ya mtandaoni akieleza jinsi mwenzake alivyovuna zaidi ya reais 100,000 na atakavyozila kwa safari za Rio de Janeiro na wanawake. Wezi wa mtandaoni na kutamba ni pete na kidole.

Kuna jambo moja linaudhi kuliko yote kwenye upande wa ruta. Desemba 2014 kampuni ya Check Point ya Israel ilitangaza tundu lililokuwa kwenye ruta milioni 12 katika nchi 189. Tundu lilikuwa ndani ya kipande cha programu ambacho viwanda vingi vilinunua kwa mtengenezaji mmoja. Mtengenezaji huyo alikuwa ameshaliziba mwaka 2005. Viwanda viliendelea kutumia toleo bovu, vikaendelea kuuza, na miaka tisa baadaye bado ruta mpya zilikuwa zinatoka kwenye boksi zikiwa na ugonjwa ambao dawa yake ilishapatikana zamani. Hapo humlaumu mama wa steshenari.

Printa nazo zina hadithi yake, na kwa mtu wa Daudi hii pengine ndiyo inayomgusa zaidi.

Mwaka 2011, pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mtafiti Ang Cui na mwalimu wake Salvatore Stolfo walionyesha kwamba printa nyingi za HP LaserJet zilikuwa zinakubali kubadilishiwa programu ya ndani kwa kutumiwa waraka wa kuchapisha. Waraka wa kawaida tu, kama wasifu wa mwombaji kazi. Printa inapoupokea, haiulizi kama maagizo yaliyomo yametoka HP au kwa mhuni, inayachukua. Kuanzia hapo kila kinachochapishwa nakala yake inaweza kwenda kwa mtu mwingine. Kwenye jaribio moja waliifanya mashine ipashe joto sehemu ya kukaushia wino mpaka karatasi ikabadilika rangi na kufuka. Magazeti yakashika hiyo ya moto, HP wakakanusha kwamba printa zao zinaweza kuwaka, wakisema zina kikatio cha joto, lakini kabla mwaka haujaisha walitoa programu mpya za kuziba tundu lenyewe. Suala la moto lilivutia vichwa vya habari. Hatari yenyewe ilikuwa kwenye nakala.

Na wakati mwingine hata mdukuzi hahitajiki. Mwaka 2010 televisheni ya CBS ya Marekani ilinunua mashine nne za fotokopi zilizotumika, kutoka ghala moja la New Jersey, ikatoa diski zake. Fotokopi nyingi kubwa za ofisini zina diski ndani, na diski hiyo hutunza picha za ulichonakili. Wakakuta nyaraka za polisi wa Buffalo kuhusu kesi za makosa ya ngono. Wakakuta taarifa za wagonjwa wa kampuni ya bima ya afya, Affinity Health Plan. Affinity ilibidi itoe taarifa kwamba watu wapatao 344,579 huenda siri zao zimetoka, na mwaka 2013 ikalipa serikali dola 1,215,780. Kosa lao lilikuwa moja, kurudisha mashine za kukodi bila kufuta diski.

Kwenye ghala lile kulikuwa pia na makontena yanapakiwa mashine za namna hiyo kwenda nje ya nchi. Huku kwetu hakuna anayeshangaa, fotokopi za mtumba ndizo zilizofungua steshenari nyingi. Mashine inatumika ofisini Ulaya au Dubai, ikichoka inapanda meli, inashuka Dar, inapita Kariakoo, inapanda basi kwenda Babati na kwingineko. Inakuja na siri za wazungu tumboni, inaanza kuongeza za kwetu. Ikifa nayo inauzwa spea, diski ikiwemo.

Ukitaka kujua printa inaweza kubeba uzito gani, nenda Dhaka, Bangladesh, mwezi Februari 2016. Benki Kuu ya nchi hiyo ilikuwa na printa iliyokuwa inachapisha mchana na usiku kila muamala wa SWIFT, mfumo ambao mabenki hutumiana maagizo ya fedha. Ijumaa tarehe 5 asubuhi wafanyakazi wakakuta printa haitoi kitu. Wakaichukulia kama mtu yeyote anavyochukulia printa mbovu. Kwani printa kugoma ni habari? Kila ofisi ina moja inayogoma.

Kumbe usiku wa jana yake maagizo 35 yalikuwa yametumwa kwa jina la benki hiyo kwenda Benki ya Hifadhi ya Marekani, tawi la New York, kuomba karibu dola milioni 951. Virusi vilivyokuwa kwenye kompyuta za SWIFT vilikuwa vinafuta kumbukumbu na kuhakikisha karatasi za uthibitisho hazitoki. Haikuwa printa yenyewe iliyodukuliwa roho yake, ni kompyuta iliyokuwa inailisha. Lakini wezi walijua kwamba shahidi pekee wa kimya ndani ya ofisi ile ni karatasi, wakamziba mdomo. Ilipokuja kutengemaa ikaanza kutema ujumbe wa New York wakiuliza: haya maagizo mna uhakika nayo? New York kulikuwa kumeshafungwa wikiendi. Jumatatu Manila, zilikokwenda fedha, ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudi kwa sababu neno moja kwenye jina la mpokeaji lilikosewa herufi. Milioni 81 zilizama kwenye makasino ya Ufilipino.

Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la Reuters kwamba benki hiyo ilikuwa inaunganisha kompyuta zake kwa vifaa vya mtandao vya mtumba vya dola 10, bila ukuta wa ulinzi. Benki kuu hiyo. Vifaa vya dola 10. Baadaye Marekani ilimshtaki raia mmoja wa Korea Kaskazini, ila hajawahi kusimama mahakamani.

Jirani zetu hapa nao wana la kwao. Oktoba 2015 shirika la Privacy International la London lilitoa ripoti iliyodai kwamba baada ya uchaguzi wa 2011 vyombo vya usalama vya kijeshi Uganda vilinunua programu ya kijasusi ya FinFisher, na kwamba mitandao ya bandia iliwekwa kwenye hoteli 21 za Kampala, Entebbe na Masaka. Mgeni anafungua simu, anaona waifai, anajiunga, na anapokelewa na asiyemjua. Jina la operesheni kwa mujibu wa ripoti hiyo lilikuwa la Kiswahili: Fungua Macho. Wanaodukuliwa huwa wamefumba, hivyo aliyechagua jina alikuwa na utani wake.

Halafu ikaja 2016, mwaka ambao milango ya admin iliunganishwa kuwa jeshi.

Vijana watatu wa Kimarekani waliokuwa kwenye biashara ya gemu ya Minecraft walitaka kuangusha seva za washindani wao, ili wachezaji wakimbilie kwingine. Wakatengeneza programu inayozunguka intaneti ikigonga kamera za CCTV na ruta kwa orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, takriban 60 tu. Maneno 60 yalitosha kukusanya mamia ya maelfu ya vifaa. Kila kifaa kinapiga seva moja kwa wakati mmoja, kama kijiji kizima kumpigia simu mtu mmoja kwa pamoja, simu inajifia. Waliiita Mirai, neno la Kijapani lenye maana ya wakati ujao. Mwisho wa Septemba, moto ulipowakaribia, mmoja aliyejiita Anna-senpai akaimwaga programu yote hadharani ili wawe wengi na yeye asionekane. Tarehe 21 Oktoba, Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki sehemu kubwa ya Marekani. Majina yao yalithibitishwa walipofika mahakamani na kukiri, Desemba 2017. Ndivyo ilivyo kwenye dunia hii, jina la kweli linakuja na pingu.

Aliyeokota programu hiyo na kuielekeza Afrika alijiita BestBuy. Mahakama ilimwita Daniel Kaye, Mwingereza. Mfanyakazi wa ngazi ya juu wa kampuni ya simu Cellcom ya Liberia alimlipa mpaka dola 10,000 kwa mwezi ili aisumbue Lonestar, washindani wao. Waendesha mashtaka hawakusema kampuni yenyewe ilijua. Novemba 2016 mashambulizi yalikuwa makali, wateja wa Lonestar wakakosa intaneti, na hasara ikafika mamilioni ya dola. Mwezi huohuo akijaribu kuongeza jeshi lake alivuruga ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom kule Ujerumani. Alikamatwa uwanja wa ndege wa Luton Februari 2017, na Januari 2019 akahukumiwa miaka miwili na miezi minane.

Tafakari hapo kwenye Liberia. Kamera ya duka la mtu kwenye nchi nyingine kabisa, ambaye hakuwahi kubadilisha neno la kiwandani, ndiyo iliyotumika kumkatia intaneti mtu wa Monrovia. Mwenye kamera hakupoteza hata senti. Ndiyo maana hakuna anayehangaika, maumivu yanatua kwa mwingine.

Sasa njoo kwa yule wa ajabu kuliko wote, ambaye anastahili filamu.

Ruta za MikroTik, kutoka Latvia, zinapendwa sana na watoa huduma wadogo wa intaneti Afrika Mashariki. Bei nafuu, zinafanya mengi, fundi akizijua anazipenda. Aprili 2018 kuligundulika tundu lililomwezesha mtu wa nje kuchota faili lenye maneno ya siri. Kampuni iliziba haraka sana, lakini kuziba kiwandani hakuzibi kilichoko ukutani kwako. Kufikia Agosti wahalifu walikuwa wamepandikiza kwenye zaidi ya ruta 200,000, nyingi zikianzia Brazil, msimbo uliofanya kompyuta za waliokuwa wanavinjari zichimbe sarafu za kidijitali bila wao kujua. Bando la mteja, umeme wa mteja, pesa ya mwizi.

Oktoba mwaka huo akajitokeza mtu wa lugha ya Kirusi aliyejiita Alexey. Alisema anaingia kwenye ruta za watu wasiowajua na kuzifunga. Hachukui kitu. Anaweka kizuizi ili mtu wa nje asiingie tena, na anaacha maelezo humohumo ya alichofanya na anwani ya Telegram ya kumuuliza. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa ameshafunga ruta 100,000. Waliomwandikia ni kama 50. Wachache walisema asante. Wengi walimtukana.

Na ukiwaza vizuri wote wana haki. Mtu kaingia chumbani kwako usiku, kafunga dirisha uliloliacha wazi, kaacha karatasi mezani. Umshukuru au uite mgambo? Hapa Tanzania jibu la sheria liko wazi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu anayeingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa mkosaji. Ila sheria haikuwa na mtu wa kumtuma kufunga yale madirisha 100,000. Alexey alikuwa peke yake mwenye muda huo.

Mwenzake aliyejiita Janit0r, yaani mfagiaji, hakuwa na upole huo. Kuanzia mwisho wa 2016 alitengeneza programu ya kuua kabisa vifaa vilivyoachwa wazi, kwa hoja kwamba kifaa kilichokufa hakiwezi kuingizwa jeshini na mtu kama BestBuy. Alipostaafu Desemba 2017 alidai ameua zaidi ya milioni 10. Hajawahi kujulikana. Fikiria mwenye steshenari ndiye kafanyiwa hivyo, kaamka asubuhi ruta haiwaki, analaumu umeme wa TANESCO.

Turudi kwenye steshenari basi, maana si kila tishio linafika Daudi kwa namna ileile. Mitandao mingi ya simu huwaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo mtu wa mbali hawezi kugonga kirahisi ruta ya laini iliyoko dukani. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini haimzuii aliye ndani. Mteja aliyepewa waifai akisubiri fotokopi anaweza kufungua ukurasa wa ruta kwa simu yake, na kama neno bado ni admin, vibao vyote vya barabara viko mkononi mwake. Kibandiko chenye anwani na neno hilo mara nyingi kiko kwenye ruta yenyewe, kimeelekezwa kwa wateja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu yeyote anayeshika taarifa za watu, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwenye duka la chumba kimoja anayetunza kwenye kompyuta skani za NIDA za nusu ya kata, ili mteja akirudi asilipie tena kuskani, anadhani anatoa huduma nzuri. Na ni huduma nzuri kweli, wateja wanaipenda. Diski ya fotokopi yake inafanya hivyohivyo bila hata kuagizwa.

Wenzetu wameanza kubana upande wa kiwanda. California ilipiga marufuku maneno ya siri ya kiwandani yanayofanana kuanzia Januari 2020, Uingereza ikafuata tarehe 29 Aprili 2024. Ruta mpya za huko sasa lazima kila moja iwe na neno lake au imlazimishe mnunuzi aweke la kwake. Zile za zamani hazikuyeyuka. Zinauzwa.

Mwezi Oktoba 2023, kati ya tarehe 25 na 27, ruta zaidi ya 600,000 za mtoa huduma mmoja wa Marekani zilikufa. Wateja waliona taa nyekundu, wakazima, wakawasha, taa ikabaki nyekundu. Watafiti wa kampuni ya Lumen walipotoa ripoti mwishoni mwa Mei 2024 walieleza kwamba kuna mtu aliyeingiza programu iitwayo Chalubo na kuharibu roho ya kila kifaa, na kwamba sehemu kubwa ya eneo la mtoa huduma huyo ni vijijini, kwa wakulima na vituo vya afya vilivyo mbali na miji. Mlango ulioingiliwa hawakuupata, walishuku neno la siri dhaifu au ukurasa wa ruta ulioachwa wazi. Mhusika hawakumtaja, hata kwa jina la utani. Ruta zenyewe hazikuwa za kuflashi tena, ilibidi zing'olewe ukutani moja moja na kuwekwa nyingine.